Mfereji, Kamba na Kioo cha Volkswagen ya Baba

Mvua ikitukuta safarini, mama alikuwa na kazi yake. Alikaa mbele upande wa kushoto, kipande cha kanga kuukuu mapajani, na kila baada ya muda alikikandamiza kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele, pale kioo kinapokaribia dashibodi, kisha akakikamulia nje ya dirisha. Sisi watoto tuliokaa nyuma tuliona hiyo ni sehemu ya safari, kama kununua machungwa Muheza. Baba akiulizwa alijibu lilelile: "Mpira umechoka," yaani ule unaozunguka na kushika kioo.

Gari lenyewe ni Volkswagen 1300 ya 1969, lile lenye umbo la kobe, na nyumbani jina lake ni Kobe mpaka leo. Baba alilinunua mkononi mwa mtu enzi akiwa karani kwenye shamba la mkonge, na hakuchoka kutukumbusha kwamba magari ya jamii hiyo ndiyo yaliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1954, yakarudia 1957 na 1962, tena kwenye matope ya masika. Alipofariki gari likakaa chini ya mwembe, hapa hapa Tanga, miaka kumi na moja. Upepo wa bahari hauna huruma na bati. Siku nilipoamua kulifufua nilidhani kazi kubwa itakuwa injini. Injini ilichukua wiki tatu. Kioo cha mbele kilichukua miezi saba, na vioo viwili vilipasuka njiani. Kwa hiyo naandika habari za kioo peke yake. Mambo ya injini wapo mafundi wengi wanaoyajua kuliko mimi.

Kioo cha kwanza nilikipasua mwenyewe. Kilikuwa na stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama za miaka mbalimbali, zimepauka na jua, zimebandikwa kwa mkono wa baba moja chini ya nyingine, zote zimenyooka kama mistari ya daftari la mahesabu. Nilitaka kukitunza kwa ajili ya hizo stika. Jumamosi moja asubuhi, nikiwa peke yangu, nikachukua bisibisi bapa, nikaichomeka kati ya mpira na kioo, nikaanza kubinua. Mpira ulikuwa mgumu kama kifuu. Nilipobinua mara ya tatu nikasikia mlio mdogo, mkavu, kama njiti ya kiberiti ikivunjika. Ufa ukaanzia kwenye ncha ya bisibisi, ukapanda taratibu nikiuangalia, ukakata stika ya katikati.

Mjomba alikuja jioni. Huyu ni kaka yake mama, alifanya kazi gereji za mabasi zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba." Akazunguka gari, akaangalia ufa, akaangalia bisibisi mkononi mwangu. "Mjomba, huo mpira ulitaka kuutumia tena?"

"Hapana, wa kutupa."

"Basi ulikuwa unauhurumia wa nini? Ungeukata."

Sikuwa na la kujibu. Akaomba kisu, akakinoa kwenye jiwe la ngazi ya nyumba, akakata mdomo wa nje wa mpira kuzunguka kioo chote kama mtu anayemenya embe. Haikufika robo saa. Akaingia ndani ya gari, akaweka viganja viwili kwenye kona ya juu, akasukuma kidogokidogo, na mimi nje nikakipokea kioo kama napokea mtoto mchanga. Kama ningefanya hivyo asubuhi, stika zingekuwa nzima.

Kioo cha aina hii kimetengenezwa kwa tabaka mbili zilizogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikipasuka hakimwagiki. Kuna vioo vingine vya magari ya zamani vilivyokomazwa kwa moto, na hivyo vikipata jiwe huwa chembechembe zote kwa mkupuo mmoja, dereva akabaki haoni mbele. Hiki cha tabaka hustahimili mengi usoni. Unyonge wake wote uko pembeni, kwenye ule ukingo uliokatwa. Chuma hakipaswi kuugusa hata siku moja.

Mpira ulipotoka ndipo nikaona kile ambacho baba hakukiona maisha yake yote. Dirisha la mbele la Volkswagen lina ukingo wa bati unaozunguka pande zote, na mpira una mifereji miwili: wa ndani unashika kioo, wa nje unashika huo ukingo. Kila kitu kinategemea ukingo. Wetu, upande wa kushoto chini, ulikuwa haupo. Palikuwa na puti ya zamani, ile ya kujazia mashimo ya bati, juu yake lami nyeusi iliyokauka, na nilipochokonoa kwa kidole ikatoka kutu yenye matabaka kama maganda ya kitunguu. Fundi fulani wa zamani alikuta kutu, akaijaza, akaificha chini ya mpira. Maji yaliyopita hapo yalishuka nyuma ya dashibodi, mengine yakadondokea boksi la fyuzi, mengine yakafuata ubavu mpaka sakafuni chini ya zulia. Ndiyo sababu Kobe alikuwa akizimika taa wakati wa mvua, na ndiyo sababu sakafu ya upande wa mama ilioza kabla ya ile ya upande wa baba. Mpira wa watu haukuwa na kosa.

Nikatafuta fundi bodi. Akakata sehemu iliyooza, akachomelea bati jipya, akapaka rangi, na kazi ilipoisha ukingo ulikuwa laini kama yai. Nilifurahi sana. Nikaingia sokoni kutafuta kioo.

Hapa pana jambo ambalo mwenye gari kama hili lazima alijue. Kuanzia magari ya mwaka 1965 Volkswagen walipanua madirisha. Kioo cha mbele kikaongezeka eneo kwa asilimia 11 na kikapinda kidogo, wakati cha zamani kilikuwa bapa. Cha toleo la 1303, lililokuja miaka ya sabini, kimepinda zaidi na hakiingiliani na vyote viwili. Muuzaji mmoja alinitolea kioo kizuri, safi, akaniapia kwamba "Volkswagen zote ni moja". Nilikuwa na rula ya mkanda na vipimo vya kioo kilichopasuka. Vipimo havikukubaliana, nikaacha. Mpira kwa upande wake si shida kuupata, kwa sababu magari haya yaliendelea kuundwa Puebla, Mexico, mpaka tarehe 30 Julai 2003, na jumla yake yalifika 21,529,464. Spea zake bado zinatengenezwa. Ila mpira nao unatofautiana: upo wenye mfereji wa tatu, mwembamba, kwa ajili ya mkanda wa aluminiamu unaong'aa, na upo usio nao. Gari la baba lilikuwa na mkanda, na nilikuwa nimeutunza.

Kioo cha pili tulikifunga mimi na vijana wawili wa jirani. Kiliingia vizuri pande tatu. Kona ya kushoto chini ikakataa, tukapiga kwa kiganja, tukasukuma, ikaingia kwa nguvu. Tukapongezana. Asubuhi nilipotoka na chai mkononi, nikakuta ufa umeanzia kona ileile ya kushoto, umepinda kama mto kwenye ramani, umefika mpaka kati ya kioo. Hakuna aliyeligusa gari usiku. Nilitafuta embe lililoanguka nisilione. Kioo hicho kilikuwa kimenigharimu mshahara wa mwezi na nusu, na sitaficha, nilikaa kwenye ngazi nikalia.

Mjomba alipofika hakusema neno la lawama. Aliweka kidole mahali ufa ulipoanzia, akakiacha hapo kwa muda. "Hapa kuna kitu kinakisukuma," akasema. Tukakata mpira mpya kabisa, uliokaa siku moja, tukatoa kioo. Halafu akafanya kitu ambacho nimekionyesha kwa kila mtu aliyekuja kuniuliza tangu siku hiyo. Alichukua kipande cha mbao, urefu wa kiganja, akakata mfereji kwenye ncha yake kwa msumeno wa chuma, akaupanua polepole mpaka ukalingana na mfereji wa nje wa mpira. Kisha akauvika kwenye ukingo wa bati, juu katikati, akauburuta kuzunguka dirisha. Uliteleza juu yote. Uliteleza kulia. Ulipofika kushoto chini ukakwama. Akausogeza kwa upande wa pili, ukakwama tena. Akaweka alama kwa chaki mwanzo na mwisho: urefu wa shibiri moja na vidole viwili.

Tukakwangua rangi. Chini yake palikuwa na puti, karibu milimita tatu, na chini ya puti nundu za kuchomelea ambazo hazikusagwa. Ule ulaini wa yai nilioufurahia ulikuwa wa puti. Kioo kilikuwa kimebanwa pale usiku kucha, mpira umejaa hauna pa kukimbilia, na joto la mchana lilipopoa bati likajikunja kidogo, kikashindwa.

Sina kinyongo na fundi yule. Alifanya kazi ya kupendeza macho, na mimi ndiye niliyeikagua kwa macho. Lakini kama una gari la namna hii, mwambie fundi wako mapema, kabla hajashika chochote, kwamba kwenye ukingo wa kioo puti hairuhusiwi hata chembe. Bati jipya liwe na unene uleule wa bati la zamani, nundu zisagwe mpaka zilale, ikibaki kasoro ibaki. Mpira unasamehe bonde dogo, hausamehi kilima. Nami nikarudi kwa fundi mwingine na kile kibao mfukoni. Kila alipomaliza sehemu nilikipitisha. Alinishangaa mwanzoni, baadaye akaanza kukiomba mwenyewe.

Rangi nayo ilinifundisha kusubiri. Siku ya tatu baada ya kupaka, ukingo ulikuwa mkavu ukiugusa, nikataka kuendelea. Mjomba akabonyeza kwa ukucha mahali pasipoonekana, ukucha ukaacha alama ya mwezi mwandamo. "Bado mbichi ndani," akasema. Mpira ukiibana rangi mbichi huing'ang'ania, na siku ukija kusogea unaondoka nayo, bati linabaki wazi chini ya mpira, na kutu inaanza upya mahali ambapo hakuna atakayeiona. Tukangoja wiki tatu. Ukucha haukuacha alama tena.

Kioo cha tatu tulikifunga Jumapili, jua la saa nne likiwa limeshawasha ukuta. Nitaieleza siku hiyo kwa kirefu kwa sababu ndiyo niliyoitafuta muda wote.

Tulitandika blanketi juu ya meza ya chakula uani, tukalaza kioo. Mpira tulikuwa tumeuanika juani tangu asubuhi, ukawa laini kama mkate. Tuliuvika kioo tukianza na kona nne, halafu tukateremka kwenye pande zilizonyooka. Ukianza na pande, kona ya mwisho lazima ikusumbue. Kisha mkanda wa aluminiamu. Huu unaingia sasa hivi, kioo kikiwa bado mezani. Ukikifunga kioo kwanza ukadhani mkanda utauchomeka baadaye, utaishia kuupinda, na ukishapinda haunyooki tena. Uko vipande viwili na vinapokutana kuna kibanio kidogo. Mama aliupaka mfereji wake maji ya sabuni kwa vidole, mimi nikaukandamiza inchi baada ya inchi. Maji ya sabuni, narudia. Watu hupaka grisi au mafuta ya injini kwa kuwa yanateleza zaidi, na mafuta hayo hubaki ndani yakiula mpira. Sabuni hukauka, mpira ukashika.

Halafu kamba. Tanga ni nchi ya mkonge, na wazo langu la kwanza lilikuwa kamba ya katani. Mjomba alikataa, katani ina miba, huchana mdomo wa mpira. Alikwenda Deep Sea kwa wavuvi, akarudi na kamba ya nailoni, nene kidogo kuliko kamba ya kiatu. Akaipitisha ndani ya ganda la kalamu iliyokwisha wino, akalitembeza lile ganda ndani ya mfereji wa nje, kamba ikajilaza yenyewe kuzunguka mpira wote. Kwa vidole kazi ile ingetuchukua saa nzima. Ncha mbili zikapishana chini katikati kwa urefu wa shibiri, zikaachwa zining'inie.

Tukakibeba wawili mpaka kwenye gari. Waipa zilikuwa zimeshatolewa. Tukakikalisha chini kwanza, ncha za kamba zikaingia ndani, nami nikazifuata nikakaa kwenye kiti cha dereva. Mjomba akabaki nje, viganja wazi.

"Haya, vuta. Vuta kuja katikati ya kioo, usivute kwenda chini."

Hilo ndilo nililokosea na wale vijana. Kamba ikivutwa sambamba na bati inakata mpira. Ikivutwa kuelekea katikati ya kioo, inaubinua mdomo wa mpira na kuuleta ndani ya ukingo, mdomo unapanda juu ya bati kama ulimi unaolamba. Nilivuta shibiri moja upande wa kulia, shibiri moja kushoto. Nje, kiganja cha Mjomba kilifuata mahali pale pale kamba ilipo, akisukuma kwa uzito wa bega wala si kwa kupiga. Kulikuwa na sauti, *pu, pu, pu*, ya mpira ukikaa mahali pake. Kona ya kushoto chini tulipoifikia nilisimama. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Mjomba alinitazama kupitia kile kioo, hakusema kitu, akaweka kiganja. Nikavuta. Ikaingia kama nyingine zote.

Tulipanda pande mbili, tukamalizia juu katikati, kamba ikatoka nzima ikidondosha povu la sabuni. Ilikuwa dakika ishirini na tano.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilitoka mara mbili na tochi kumulika ile kona. Asubuhi kioo kilikuwa safi, na asubuhi ya pili pia, na wiki ilipopita nikaacha kuamka.

Kupima maji kuna adabu yake. Unaanza chini, mpira wa maji ukiwa na nguvu ndogo, unakaa dakika chache, ndipo unapanda. Ukimwaga juu mara moja, maji yakionekana ndani hujui yameingilia wapi. Nilipofanya hivyo zulia lilibaki kavu, nikafurahi. Nikarudisha waipa, nikabonyeza swichi ya kuoshea kioo, na mara matone yakadondoka chini ya dashibodi. Nilihisi tumbo limekatika. Kumbe gari hili lina mpango wake wa ajabu: maji ya kuoshea kioo yanasukumwa na upepo wa tairi la akiba kule mbele, na yanapitia ndani kabisa, kwenye swichi ya waipa iliyopo dashibodi, kabla ya kutoka nje. Kipira chembamba nyuma ya swichi kilikuwa kimelegea. Nilikikata ncha iliyochakaa, nikakirudisha. Kwa hiyo kabla hujatoa kioo ukidhani kinavuja, kague hicho kipira.

Silikoni sikutumia. Wengi huizungushia mpira siku ya kwanza, na najua ni hofu. Lakini ukingo ukiwa mzima na mpira ukiwa sahihi haihitajiki, na siku utakapotaka kutoa kioo itakuganda kila mahali. Zaidi ya yote, inaficha. Nimeshaona kilichofichwa chini ya mpira.

Aprili tulikwenda Korogwe kwenye msiba, mama mbele upande wa kushoto kama zamani. Mvua ilitukuta baada ya Muheza, ile ya masika isiyokuonyesha pua ya gari. Waipa zikawa zinahangaika. Nilimwona mama anafungua mkoba, anatoa kipande cha kanga, anakikunja mara nne. Akanyoosha mkono kwenye ile kona, akaikandamiza, akasubiri. Akakitoa kitambaa, akakipapasa kwa kidole gumba. Akarudia tena mara mbili kabla ya Segera. Kisha akakiweka mapajani, kikavu, akakilazia mikono yote miwili, akawa anaitazama mvua.